Timu imwachie mchezaji wake mrefu? Kutoka Memphis hadi Majengo

Kijana ana miaka 17, yuko kidato cha nne, urefu wake ni mita 2 na sentimita 2, na kila mechi ya timu ya vijana ya Majengo hapa Moshi yeye ndiye anayeanza katikati. Wiki iliyopita mwalimu wa timu hiyo alitutumia ujumbe. Kuna timu ya Dar es Salaam inamtaka kijana wake. Inatoa wachezaji wawili wafupi wenye kasi, mipira sita na seti moja ya jezi. Mwalimu anauliza: amwachie au akatae?

Tuliusoma ujumbe huo katika kipindi cha michezo cha jioni, na simu hazikukatika. Msikilizaji wa Kibosho alisema mtoto aende, Dar ndiko kwenye macho. Wa Himo alisema timu isiyo na mrefu ni nyumba isiyo na nguzo. Kisha mzee mmoja akapiga kutoka Marangu, akatuuliza jambo lililotufanya tukae chini kuandika makala haya: kama mtu mrefu ni mali kiasi hicho, kwa nini Wamarekani walimuuza mtoto wetu Hasheem Thabeet?

Swali zuri, na kulijibu ndani ya dakika tatu za redio haiwezekani. Tunaliandika hapa ili ulisome kwa simu yako kwa nafasi, hata kama mpira wa kikapu hujawahi kuucheza.

Kubadilishana si kuuza

Kwanza tumsahihishe mzee wetu kwa heshima: Thabeet hakuuzwa. Alibadilishwa.

Katika soka tulilolizoea, klabu ikimtaka mchezaji mwenye mkataba na klabu nyingine, inalipa fedha. Mchezaji naye anakaa mezani, anakubaliana mshahara mpya, anasaini. Asipotaka kwenda, haendi. Kwenye ligi ya kikapu ya Marekani, yaani NBA, utaratibu ni mwingine. Timu zinabadilishana wachezaji, na mkataba unamfuata mchezaji kama ulivyo: mshahara ule ule, miaka ile ile iliyobaki. Ukiacha wachache sana wenye kipengele cha kukataa, mchezaji haulizwi. Anaamka asubuhi akiwa mtu wa mji mmoja, jioni anafunga mizigo kwenda mji mwingine, na watoto wake wako katikati ya muhula wa shule.

Pili, ligi ina ukomo wa mishahara. Timu iliyovuka ukomo haiwezi kupokea mchezaji wa mshahara mkubwa bila kutoa mishahara inayokaribiana na huo. Ndiyo maana wakati mwingine unaona katika mabadilishano jina la mtu ambaye hakuna anayemhitaji uwanjani. Yupo ili hesabu itimie tu.

Tatu, si lazima kurudishiwa mchezaji. Unaweza kurudishiwa haki ya kuchagua. Kila mwaka timu za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu, shughuli inayoitwa drafti, na timu dhaifu hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema. Zamu yako ya mwaka ujao, au ya miaka mitano ijayo, unaweza kuitoa leo. Ni kama mkulima anayeuza kahawa ingali ua mtini: labda mvua itakuja, labda haitakuja, lakini bei inapangwa sasa. Na dirisha la kubadilishana hufungwa mwezi Februari, msimu ukiwa umeshapita nusu, hivyo maamuzi mengi makubwa hufanywa kwa haraka, simu mbili sikioni.

Mrefu anafanya kazi gani hasa

Mtu akitazama kikapu mara moja moja anahesabu pointi. Kwa mchezaji wa katikati, hesabu hiyo inadanganya.

Kazi yake ya kwanza ni kulinda kikapu. Tuseme wapinzani wanafika karibu na kikapu mara 30 katika mechi. Mrefu wako akiwa benchi wanafunga mara 18. Akiwa ndani wanafunga mara 15, kwa sababu mitupo mingine anaizuia kwa mkono, na mingine inaharibika kwa sababu mtupaji amemwona akaogopa. Tofauti ni vikapu vitatu, pointi 6. Hizo pointi 6 hazitaandikwa mbele ya jina lake popote. Lakini mechi ngapi za mtaani kwetu huisha kwa tofauti chini ya pointi 6?

Kazi ya pili ni ribaundi, mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa. Hapa urefu peke yake hautoshi. Mtu anayejua kumfungia mpinzani kwa mgongo, miguu imetanuka, makalio chini, anamshinda mrefu anayesubiri mpira ushuke. Kazi ya tatu ni kumwekea mwenzake kizuizi: anasimama kama gogo njiani, mlinzi wa timu pinzani anamgonga, mtupaji wetu anabaki peke yake. Mtupaji akifunga, makofi ni yake. Aliyegongwa anapangusa jasho.

Kwa hiyo kosa la kwanza ambalo timu hufanya ni kumpima mrefu kwa pointi zake, ikamwona mzigo, ikamwachia. Kosa la pili ni kinyume chake: kuupima urefu wenyewe kana kwamba ni kazi. Memphis imewahi kulipia kosa hili la pili, na aliyekuwa katikati ya hesabu hiyo ni Mtanzania.

Memphis na warefu wake

Memphis ni mji wa jimbo la Tennessee, na timu yake inaitwa Grizzlies. Mechi inayoanza kwao saa moja jioni wakati wa baridi, kwetu ni saa kumi alfajiri, ng'ombe bado hajakamuliwa. Tunaichagua timu hii kwa sababu katika miaka 11 iliachana na warefu watatu, kila mmoja kwa sababu yake.

Wa kwanza ni Pau Gasol, Mhispania. Alikuwa mchezaji bora mpya wa ligi mwaka 2002, na mwaka 2006 akawa mchezaji wa kwanza wa Grizzlies kuitwa kwenye mechi ya nyota wote. Pamoja na ubora wake, timu iliingia hatua ya mtoano mwaka 2004, 2005 na 2006, na katika mara zote tatu haikushinda mechi hata moja. Mechi 12, vipigo 12. Msimu wa 2006/07 ilishinda mechi 22 tu kati ya 82.

Tarehe 1 Februari 2008 Memphis ilimpeleka Pau kwa Los Angeles Lakers, ambao mrefu wao kijana, Andrew Bynum, alikuwa ameumia goti mwezi uliotangulia. Memphis ilipokea Kwame Brown, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwaka huo, kijana Javaris Crittenton, zamu mbili za drafti, na Aaron McKie. Huyu McKie wakati huo alikuwa anajitolea kama kocha msaidizi huko Philadelphia. Akapewa mkataba ili mishahara ilingane! Pamoja nao walipokea haki za kijana mmoja aliyechaguliwa wa 48 katika drafti ya mwaka 2007, aliyekuwa bado anacheza Hispania. Jina lake Marc Gasol, mdogo wake Pau, tumbo moja.

Ligi nzima ilicheka, na makocha wa timu nyingine walilalamika wazi kwamba Lakers wamepewa zawadi. Lakers wakafika fainali mwaka huo huo, wakapoteza kwa Boston, kisha wakachukua ubingwa mwaka 2009 na 2010, Pau akiwa nguzo yao.

Lakini yule mdogo mtu akakua. Marc akawa mrefu wa kuanza wa Memphis kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2013 akachaguliwa mlinzi bora wa ligi yote. Msimu huo Memphis ilishinda mechi 56 na kufika fainali ya Kanda ya Magharibi. Ukiwauliza watu mwaka 2008 nani alishinda mabadilishano yale, jibu ni Lakers bila kusita. Ukiwauliza mwaka 2013, wangekohoa kwanza.

Sasa Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kikapu akiwa na miaka 15, akapitia Makongo, akaenda Houston kumalizia sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake mita 2.21. Chuoni alikuwa ukuta: mara mbili, mwaka 2008 na 2009, alipewa tuzo ya mlinzi bora wa ligi ya Big East. Juni 2009 Memphis ilimchagua wa pili katika drafti nzima, nyuma ya Blake Griffin tu. James Harden alichaguliwa baada yake. Stephen Curry alichaguliwa wa saba. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, na sisi tuliokuwa vijana wakati ule tunakumbuka jinsi jina lake lilivyotajwa hadi kwenye vijiwe visivyojua kikapu kina wachezaji wangapi.

Tatizo ni kwamba Memphis ilikuwa tayari na Marc Gasol. Na mwezi uliofuata ikamleta Zach Randolph, mtu mnene, mwenye mikono laini, hatari chini ya kikapu. Thabeet alikuja kuwa wa akiba katika timu ambayo nafasi yake ilikuwa imejaa, akiwa ameucheza mchezo huu miaka saba tu tangu aushike mpira. Msimu wa kwanza alicheza mechi 68, wastani wa dakika 13, pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Katikati ya msimu huo alipelekwa kwa muda kwenye ligi ndogo ili apate dakika. Msimu wa pili dakika zikashuka hadi 8.

Hapa ndipo tunamjibu mzee wa Marangu. Hatulipendi jibu hili, ila ndilo. Memphis haikumwachia mrefu wake wa kuanza. Ilimwachia mrefu wa akiba. Kosa lake, kwa maoni yetu, lilikuwa siku ya kumchagua, siyo siku ya kumwachia.

Februari 24, 2011

Siku hiyo dirisha lilikuwa linafungwa. Memphis ilimpeleka Thabeet Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll na zamu ya drafti, ikapokea Shane Battier na Ish Smith. Houston ilikuwa na sababu zake: mrefu wao Yao Ming, Mchina wa mita 2.29, alikuwa majeruhi, na Julai ya mwaka huo akastaafu. Walihitaji mtu wa kumjaribu.

Battier alikuwa na miaka 32, hakuruka sana, hakufunga sana. Alikuwa mtu wa kazi. Aprili 17 Memphis ikaingia hatua ya mtoano ikiwa ya nane katika kanda yake, dhidi ya San Antonio Spurs waliomaliza wa kwanza. Sekunde 24 hivi zikiwa zimebaki, Battier alitupa kutoka mbali, pointi 3, na Memphis ikashinda 101 kwa 98. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu timu ianzishwe. Wakaendelea hadi kuwang'oa Spurs, ushindi nne kwa mbili. Timu ya nane kumtoa wa kwanza katika mfululizo wa mechi saba lilikuwa limetokea mara moja tu kabla ya hapo.

Siku hiyo hiyo ya Februari 24, upande wa pili wa nchi, timu nyingine ilifanya jambo ambalo ndilo hasa mwalimu wetu wa Majengo ametuuliza.

Boston Celtics ilikuwa inaongoza Kanda ya Mashariki. Mrefu wake wa kuanza aliitwa Kendrick Perkins. Hakuwa nyota. Pointi zake chache, mikono yake migumu, uso wake hauna tabasamu. Lakini alikuwa ameanza katika timu iliyochukua ubingwa mwaka 2008, na mwaka 2010 alipoumia goti katika mechi ya sita ya fainali, Boston ilikosa mtu wa kugombea ribaundi katika mechi ya saba na ikapoteza kwa Lakers. Alirudi uwanjani Januari 2011. Mwezi mmoja baadaye, meneja Danny Ainge akampeleka Oklahoma City Thunder pamoja na Nate Robinson, akapokea Jeff Green, Nenad Krstić na zamu ya drafti.

Sababu za Boston zilikuwa na mantiki. Mkataba wa Perkins ulikuwa unaisha baada ya miezi michache na alikuwa ameshakataa nyongeza waliyompa. Angeweza kuondoka bure. Goti lake lilikuwa na historia. Jeff Green alikuwa kijana, anaweza kucheza nafasi mbili. Na nyuma ya Perkins walikuwepo warefu wawili wenye majina makubwa, Shaquille O'Neal na Jermaine O'Neal.

Majina, ndiyo. Miguu je? Shaquille alikuwa anakaribia miaka 39 na mguu ulikuwa unamsumbua. Katika mtoano wote alicheza mechi mbili, kisha akastaafu. Boston ilishuka hadi nafasi ya tatu, na raundi ya pili Miami ikawatoa, nne kwa moja. Thunder nao wakiwa na Perkins katikati wakakutana na nani? Memphis ya Battier na Marc Gasol. Mfululizo ulikwenda mechi zote saba, mmoja wao ukiingia muda wa nyongeza mara tatu, Thunder wakapita.

Hatusemi Boston ingechukua ubingwa kama ingebaki na Perkins. Miami ya mwaka ule ilikuwa na LeBron James na Dwyane Wade, na Perkins hawalindi hao. Tunachosema ni kwamba walihesabu akiba yao kwa karatasi. Karatasi ilisema warefu watatu. Uwanjani alikuwepo mmoja, naye ndiye waliyempeleka.

Mkongo aliyechukua nafasi ya majeruhi

Kuna mara ambapo kumwachia mrefu wa kuanza ni sawa kabisa, hata mkiwa mnaongoza ligi. Februari 2001 Philadelphia 76ers walikuwa kileleni mwa Mashariki. Mrefu wao Theo Ratliff, aliyechaguliwa kwenye mechi ya nyota mwaka huo, alivunjika kifundo cha mkono. Philadelphia haikusubiri. Ilimpeleka Atlanta pamoja na Toni Kukoč na wengine wawili, ikamchukua Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekuwa na miaka 34.

Mutombo mwaka huo alipata tuzo yake ya nne ya mlinzi bora, na timu ikafika fainali. Huko ilikutana na Lakers ya Shaquille akiwa bado na nguvu zake, ikashinda mechi ya kwanza ugenini, kisha ikapoteza nne mfululizo. Mwaka uliofuata miguu ya Mutombo ilikuwa imezeeka zaidi, na mwaka 2002 naye akabadilishwa. Philadelphia ilinunua msimu mmoja, ikajua inanunua msimu mmoja.

Memphis walifanya hesabu kama hiyo upande wa pili wa mezani mwaka 2019. Marc Gasol ametimiza miaka 34, timu inashuka. Februari wakampeleka Toronto, wakapokea Jonas Valančiūnas, Delon Wright, C.J. Miles na zamu ya drafti. Juni Toronto ikawa bingwa, Marc akianza katikati. Memphis hawakulia. Walipata mrefu mwenye umri mdogo zaidi, juu yake wakampata Ja Morant katika drafti ya mwaka huo, na mwaka 2021 walikuwa wamerudi kwenye mtoano.

Sisi wa mlimani tunaijua hesabu hii

Nyumba nyingi za Machame hadi Rombo zina ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, wamefungwa bandani, wanakatiwa majani. Mnunuzi akija na fedha mkononi, baba na mama hawaangalii fedha kwanza. Wanaulizana: ana mimba ya miezi mingapi? Anakula kiasi gani kiangazi? Huyu mtamba wa nyuma yake atazaa lini? Maziwa ya watoto yatatoka wapi katikati hapo?

(Mchezaji si ng'ombe, na tutalirudia hilo chini. Tunazungumza hesabu.)

Pau aliuzwa mtamba akiwa bado haonekani. Marc aliuzwa maziwa yameanza kupungua. Ratliff alipelekwa sokoni akiwa mgonjwa. Perkins aliondolewa kukiwa na watamba wawili bandani, kumbe wote wazee.

Kuna jambo jingine ambalo limebadilika tangu miaka hiyo. Zamani mrefu alikaa chini ya kikapu tu. Siku hizi timu nyingi za NBA zinataka hata mrefu atupe kutoka mbali, kwenye mstari wa pointi 3, ili mlinzi wake alazimike kutoka nje na njia ya kikapu ibaki wazi. Mrefu asiyeweza kutupa ameshuka thamani kwa baadhi ya timu. Ila si kwa zote: mwaka 2022 Minnesota ilitoa wachezaji kadhaa na zamu nne za raundi ya kwanza ya drafti kumpata Rudy Gobert wa Utah, Mfaransa ambaye hatupi kutoka mbali kabisa. Watu wakacheka tena kama walivyocheka mwaka 2008. Minnesota ikafika fainali ya Kanda ya Magharibi mwaka 2024, na tena mwaka 2025. Kicheko cha siku ya kwanza, tumejifunza, hakina uzito.

Sasa tumjibu mwalimu

Mwalimu, timu yako haiko NBA, na kijana huyu si wako kumbadilisha. Hapa kwetu mchezaji anaposajiliwa na timu, akitaka kuhama anaomba, timu yake inamwachia kwa barua, timu mpya inamsajili. Na kwa kuwa ana miaka 17, wa kwanza kuulizwa ni mzazi. Mipira sita na jezi haviwezi kuwa bei ya mtoto wa mtu. Vikija, vije kama msaada kwa timu, viandikwe hivyo.

Tulimpigia mwalimu kabla ya kuandika, tukamuuliza maswali ambayo Boston hawakujiuliza vizuri. Nyuma ya kijana huyu kuna nani? Kuna mmoja wa kidato cha pili, mita 1.90, ameanza mazoezi Januari. Bado anasubiri mpira ushuke. Na hao wafupi wawili wa Dar es Salaam, wakija Moshi watalala wapi, watasoma wapi, nani atawalisha? Mwalimu alinyamaza. Hakuwa ameuliza. Hatudhani kama na wao wenyewe wameulizwa.

Kisha tukazungumza na mama wa kijana, sokoni, katikati ya wateja wake. Yeye alikuwa na swali moja: mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, mtoto akihama sasa atafanyia wapi? Maana mtahiniwa husajiliwa kwenye kituo cha shule yake mapema, siyo jambo la kubadilisha kwa simu. Wajumbe wa timu walipokuja nyumbani walizungumzia urefu, mazoezi na safari. Shule hawakuitaja.

Maoni yetu, na tunayatoa kama maoni: asiende kabla ya Novemba. Baada ya mtihani, timu ya Dar es Salaam ikiwa bado inamtaka, iandike kwenye karatasi atakaa wapi, ada ya kidato cha tano au ya chuo italipwa na nani, na goti likiumia nani atampeleka hospitali na kulipa. Aende kwanza wiki mbili za likizo ya Desemba kujaribu. Kule atakutana na watu wazima wa ligi ya mkoa, wenye mabega, na atajua kama dakika zake zipo au atakwenda kukaa benchi. Thabeet alichaguliwa wa pili Marekani nzima akakalia benchi kwa sababu nafasi ilikuwa na mwenyewe. Alicheza mechi 224 za NBA kwa jumla, akipita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, na baadaye akatafuta dakika Japani na Taiwan. Ni maisha ya heshima na hatuyadharau hata kidogo. Lakini mtoto anayekua anahitaji kucheza.

Na kama atatokea mtu kumwambia kijana aruke Dar moja kwa moja aende nje ya nchi, mzazi ajue hili: kanuni za FIBA, shirikisho la dunia la kikapu, haziruhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine ila kwa sababu maalumu zilizokubaliwa, na baada ya umri huo bado inahitajika barua ya kuachiwa kutoka shirikisho la nchi yake, kwetu TBF. Mtu anayesema barua si lazima, mwombe arudi na barua.

Kwa timu yenyewe, miezi iliyobaki hadi Novemba ni ya huyu wa kidato cha pili. Mwalimu amekubali kumpa robo ya pili ya kila mechi, mkubwa akiwa benchi, hata ikigharimu pointi. Jumamosi iliyopita iligharimu 9. Walishinda kwa 2.